Uwanja wa Mtaa Si Machimbo ya Talanta

Jumamosi moja alasiri, wakazi wa mtaa ninaoishi, upande wa mashariki mwa jiji la Nairobi, tulikutana kando ya uwanja wetu wa michezo ili kuamua hatima ya uwanja wenyewe. Mfanyabiashara mmoja ametuletea pendekezo. Anataka kuuzungushia ua wa waya, kuutandika nyasi za bandia, kuuwekea taa, kisha awe anaukodisha kwa saa kwa yeyote mwenye fedha. Mtaa utapata mgao kila mwezi, na mgao huo utawalipa walinzi na kuzibua mitaro ya majitaka. Si pendekezo la kupuuzwa. Mitaro yetu inanuka, na walinzi wetu hulipwa mwezi ukiwa umekwisha sahaulika.

Vijana wa timu ya kandanda walipinga kwa sauti moja. Walisema uwanja huo umewatoa wachezaji waliofika ligi kuu, na kwamba kuukodisha ni kuua talanta. Walipigiwa makofi. Nami nilipewa nafasi, nikanena mengi kuhusu mali ya umma. Nikapigiwa makofi vilevile. Kisha akasimama mama mmoja auzaye mboga karibu na lango la mtaa, akauliza: "Mwenyekiti, nyote mnasema uwanja ni wetu sote. Mimi nimekaa hapa miaka 19. Niambieni, niliingia humo lini, isipokuwa nikikatiza kwenda sokoni?"

Hapakuwa na makofi. Wala hapakuwa na jibu, na mkutano ukaahirishwa.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na mazoea ya kazi yangu ni kuyachunguza maneno pale watu wanaposhindwa kujibizana. Katika mjadala wetu wa siku ile, nadhani tulitegwa na maneno mawili.

La kwanza ni hilo hilo talanta. Siku hizi halikosekani katika hotuba yoyote ya michezo nchini. Hata mpango wa serikali ulioanzishwa baada ya uchaguzi wa 2022 kwa ajili ya vijana wanamichezo na wasanii uliitwa Talanta Hela. Msomaji wa Injili ya Mathayo anajua kwamba talanta ni kipimo cha fedha kabla ya kuwa uwezo wa mtu. Nayo hela ni sarafu ya Wajerumani, Heller, iliyotumika Tanganyika tangu 1904. Kwa asili ya maneno hayo, basi, mpango huo unaitwa Fedha Fedha! Sisemi kwamba waliouita hivyo walikosea, maana kijana mwenye kipawa anastahili kulipwa. Lakini tazama jinsi neno linavyoelekeza macho yetu. Ukiuita uwanja mahali pa talanta, umekwisha uita machimbo. Mchimba dhahabu huichukua chembe ing'aayo na kuumwaga mchanga. Katika mtaa wetu mchanga ndio sisi wengine: mama muuza mboga, mzee aliyestaafu, msichana wa darasa la 6 asiyejua kupiga chenga, na mhadhiri wa miaka 46 aliyeambiwa na daktari kwamba shinikizo la damu yake limepanda.

Neno la pili ni kilabu. Lilipoingia katika Kiswahili, lugha ililikuta na sauti inayofanana na kiambishi chake, ikalipa wingi wa vilabu, kama kitabu kilivyopewa vitabu. Lakini muulize mkazi yeyote wa mtaa wetu kilabu kiko wapi, naye atakuelekeza penye pombe. Mtu mzima akimaliza kazi na kutaka kukutana na wenzake, kilabu alichonacho ni hicho. Ajabu ni kwamba hata Katiba ya 2010 imeviweka pamoja viwili hivi: katika Jedwali la Nne, fungu lile lile linalozipa kaunti wajibu wa michezo na vifaa vyake ndilo linalozipa mamlaka ya kutoa leseni za vileo. Leseni za vileo sijapata kusikia zimesahauliwa.

Hali haikuwa lazima iwe hivyo, na mifano tunayo hapa hapa jijini. Mashindano ya Koth Biro, ambayo jina lake ni la Kijaluo lenye maana ya mvua yaja, yalianza 1978 katika mtaa wa Ziwani, na kwa miaka mingi yamewakusanya wakazi wa Eastlands mwishoni mwa mwaka. Wachezaji wenye majina makubwa wamecheza humo bega kwa bega na vijana wasiojulikana nje ya mtaa wao. Huko Mathare, chama cha michezo cha vijana kilichojulikana kama MYSA kilianzishwa 1987. Timu za ligi yake hazikuhesabiwa mabao tu. Zilipata pointi pia kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa. Wasichana walianza kucheza katika ligi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni kweli kwamba chama hicho kilizaa klabu ya Mathare United mwaka wa 1994, nayo ikatwaa ubingwa wa ligi kuu 2008. Watu hupenda kukumbuka ubingwa huo. Mimi nakumbuka zaidi ile mitaro, kwa sababu inajibu nusu ya hoja ya mfanyabiashara wetu. Timu isiyofika kuzibua mtaro Jumamosi asubuhi na ikatwe pointi, nasi tutaona kama kweli tunahitaji kuuza uwanja ili harufu iondoke.

Nirudi kwa mama yule. Jumapili asubuhi kuna mechi ya sisi wazee, na sheria yake kuu ni kwamba hakuna kuteleza kumkata mtu miguu. Refa wetu ni jirani aliyestaafu ukarani. Alipofiwa na mkewe hakuonekana nje kwa muda wa mwaka mzima, hata siku mmoja wetu alipombishia mlango akamwomba aje atupulizie kipenga kwa kuwa tulikuwa tukigombana. Leo hufika kabla ya sote, na jezi yake imepigwa pasi. Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi kwa fahari. Sikuwahi kutambua kwamba katika mechi hiyo, tuliyojisifu kuwa ni ya kila mtu, hapana mwanamke hata mmoja, na kwamba tulipoichagua saa ile hatukumwuliza yeyote ambaye Jumapili asubuhi yumo jikoni au kanisani. Tuliokuwa tukiupinga ua wa waya tulikuwa tumekwisha jenga wetu usioonekana.

Watoto nao tumewafanyia vivyo hivyo. Wadogo wasiofaa kwa timu hufukuzwa uwanjani saa 10 alasiri mazoezi yanapoanza, wakaenda kucheza kati na bano kwenye njia ya magari. Kwa mtu wa lugha, hasara hiyo haipimiki. Keti kandoni ukawasikilize wasichana wa miaka 9 wakicheza kati. Mpira umegusa sketi au haukugusa? Aliyeguswa sketi ametoka au hajatoka? Watatoa ushahidi, watakumbushana uamuzi wa jana, watabadili kanuni na kuitetea, katika Kiswahili kilichochanganyika na Sheng na maneno ya lugha tatu za nyumbani. Sijapata mjadala motomoto kama huo katika madarasa yangu ya chuo kikuu.

Walimu wenzangu wanajua ninalosema, kwa maana nao wamekiona kipindi cha mazoezi ya viungo kikimezwa na hesabu kila mtihani unapokaribia. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa shule ya sekondari ya juu katika mtaala mpya wameweza kuchagua mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Ni hatua njema, lakini isije ikatufundisha kwamba michezo ni ya waliouchagua mkondo huo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtoto na kijana ajishughulishe kimwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Waliozidi miaka 65 linawataka wafanye hata mazoezi ya kuimarisha mizani ya mwili. Hapana mahali linapouliza nani ana talanta.

Kwa hiyo nakwenda mkutanoni tena na pendekezo tofauti. Uwanja ubaki wazi na uwe na ratiba iliyoandikwa, ibandikwe langoni. Wanawake wachague saa zao kwanza, kwa sababu wao ndio wenye saa chache. Wakitaka netiboli, voliboli au kutembea tu kuzunguka uwanja, ni hiari yao. Watoto wa chini ya miaka 10 wapewe alasiri mbili zisizoguswa na mtu. Timu ya vijana ibaki na siku zake, si zote. Kila nyumba itoe shilingi 100 kwa mwezi kwa ajili ya walinzi. Hazitatosha, najua, na hapo mfanyabiashara bado anatushinda.

Kuna watakaosema kwamba nautilia uwanja mmoja wa vumbi maanani kupita kiasi. Na wasome ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 waone ardhi ya umma ilivyogawanywa kiholela. Au wakumbuke Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walipotupiwa gesi ya kutoa machozi kwa sababu walitaka kiwanja chao cha kuchezea kilichozungushiwa ukuta. Kiwanja kile kilirejeshwa kwa kuwa watoto wenyewe walikuwa wakikitumia, wote, wenye mbio na wasio na mbio, wakajua kwamba ni chao. Wetu ukizungushiwa waya kesho, watakaolia ni vijana 22 na wahadhiri wachache.

Mkutano utafanyika tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nimepata habari kwamba mama yule ameomba azungumze wa kwanza, na kwamba safari hii anakuja na wenzake 14.