USHURU KILA SIKU, SABUNI SIKU YA MSIBA!

Kijana mwenzangu wa Kashai, Hamugembe na Muleba mjini, leo tuambizane ukweli bila kupakana mafuta. Tumbo likikusokota usiku, ukatapika na kuhara mpaka miguu ikaisha nguvu, asubuhi unafanya nini? Unakimbilia duka la dawa, unanunua Flagyl, unameza, halafu unarudi kijiweni kutamba kwamba umepona. Umepona wapi? Umejidanganya, na umewapelekea wenzako ugonjwa!

Kuhara na kutapika kwa ghafla namna hiyo mara nyingi huletwa na virusi. Kimojawapo kinaitwa norovirusi. Wazungu wanauita ugonjwa wa tumbo wa majira ya baridi, maana kwao hupamba moto wakati wa theluji. Sisi theluji hatuna, lakini ugonjwa tunao. Flagyl ni dawa ya amiba na baadhi ya bakteria. Kirusi haikigusi! Chembe zisizofika 100 zinatosha kukulaza kitandani, na kinyesi cha mgonjwa mmoja kina mabilioni yake. Hata ile spiriti ya kupaka mikononi haikimalizi. Kinachokiondoa mikononi ni maji yanayotiririka na sabuni, basi.

Sasa tuulizane: hayo maji na hiyo sabuni viko wapi?

Ziwa Victoria liko puani petu. Mchuuzi wa dagaa anatozwa ushuru, mama lishe anatozwa ushuru, mwenye genge la nyanya naye hasalimiki. Wananawa wapi? Mteja akishikwa na haja akimbilie wapi? Nenda soko lolote, stendi yoyote, mwalo wowote wa Muleba mpaka visiwa vya Bumbire na Goziba, uhesabu mwenyewe mabomba yanayotoa maji. Mwaka 2013 madiwani wa Manispaa ya Bukoba walipasuka pande mbili, na mpango wa kujenga soko kuu ulikuwa katikati ya ugomvi. Katika kelele zote zile, ulimsikia nani akipigania choo?

Lakini tukifa, wakubwa wanakuja mbio! Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Bukoba Vijijini ni Marburg. Mgonjwa wa kwanza alielezwa kuwa alitoka kisiwa cha Goziba. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, mmoja wao mhudumu wa afya. Ghafla ndoo na sabuni zikapatikana. Kumbe vinawezekana! Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Je, ndoo ya mtaani kwako iko wapi leo?

Januari 2025 Marburg ikaibuka tena Kagera, safari hii Biharamulo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likasema kuna wagonjwa wanaoshukiwa. Kesho yake Wizara ya Afya ikasema vipimo havikuonyesha kitu. Tarehe 20 Rais mwenyewe akasimama Dodoma akathibitisha kwamba ugonjwa upo. Waliohesabiwa walikuwa 10, na wote 10 walikufa. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Utasema Marburg si kuhara kwa kawaida. Kweli, si ugonjwa mmoja. Lakini nao huanza kwa homa, kisha kuhara na kutapika, na hupita katika matapishi na kinyesi cha mgonjwa. Mji usio na maji ya kunawa hauna ngao kwa huu wala kwa ule. Na kipindupindu tusikisahau: mwaka 1997 peke yake kiliua Watanzania zaidi ya 2,000.

Kwa hiyo, mshikaji, anza na wewe. Nawa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya choo. Ukiugua, usipike wala kugawa chakula mpaka zipite saa 48 tangu kuhara kukome. Kunywa maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukiona damu au unazidi kulegea, nenda hospitali. Una mtoto mchanga? Mpeleke kliniki akifikisha wiki 6 apate matone ya chanjo ya rota. Ni bure, na ilianza kutolewa nchini mwaka 2013. Kazi hiyo si ya mama peke yake!

Ukishanawa, usirudi kijiweni kulalamika. Nenda kwenye mkutano wa mtaa au wa kijiji, nyoosha mkono huo safi, umuulize diwani swali moja tu: ushuru tunaolipa kila siku umejenga vyoo vingapi? Akikwepa, muulize tena mkutano ujao. Akikwepa mara ya tatu, jibu lake unalo wewe, siku ya kura.