Eti shahada ya kung'oa meno?

Najua mitihani imekaribia na wengi mko bize, ila hili lazima niliseme.

Jana kwenye foleni ya wali maharage, mdogo wake rumeti wangu, kamaliza kidato cha sita juzi tu, alisema anataka kusomea utabibu wa kinywa na meno. Foleni nzima kicheko. Jamaa mmoja akadakia, "Yaani uje chuo kusomea kung'oa meno?"

Mimi sikucheka. Sisi wa Elimu kejeli hizo tunazijua, kila siku tunaambiwa ualimu ni wa waliokosa pa kwenda.

Mwaka jana nikiwa fildi, kijana wa kidato cha pili alikuja darasani shavu limevimba. Nilimwita ubaoni, machozi yakamtoka. Siku tatu hakuonekana. Akarudi hana gego, na hakuna aliyeshangaa, maana kwetu jino likiuma dawa yake koleo.

Sasa tuelezane. Jino halitobolewi na mdudu. Bakteria wa mdomoni wanakula sukari, wanatoa asidi, asidi inalila gamba la jino taratibu. Inachukua miezi, hata miaka, kwa hiyo muda wa kuizuia upo! Hapo ndipo tabibu anapoingia: anakagua, anaondoa ugaga, anapaka floraidi, anaziba mianya ya magego ya watoto kabla hayajatoboka, anafundisha. Kung'oa ni pale mengine yameshindikana.

New Zealand walianza kuwafundisha wauguzi wa meno ya watoto wa shule mwaka 1921. Leo kule, Australia na hata Afrika Kusini, watu wanasomea fani hii shahada ya miaka 3. Kwetu mwenye ndoto ya shahada ya meno anaambiwa aende DDS pale Muhimbili, miaka 5. Tabibu yeye tumemzoea na stashahada.

Wapo wanaosema mafunzo mafupi yatatuletea watu wa kubahatisha. Sawa, lakini tabibu hapasui taya; anajua mpaka wake, likimzidi anatoa rufaa. Nafasi yake ikiwa wazi anaingia yule mtaalamu wa mtaani anayemchokonoa mtoto mchanga ufizi eti anatoa "meno ya plastiki". Sasa nani anabahatisha hapo?

Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitaja watu karibu bilioni 3.5 wenye maradhi ya kinywa. Wote hao mtawapeleka kwa bingwa?

Sisemi shahada itamaliza kila kitu. Bila ajira na vifaa ni karatasi tu. Ila ngazi ikikatwa katikati, nani atataka kuipanda? Vyuo vyetu viifungue hii fani, na sisi tuache kuwacheka wanaoitaka.

Dogo, nenda kasome. Na wewe jamaa wa foleni, gego likikuamsha saa nane usiku na asubuhi una pepa, mlango wangu usiugonge.

Nawasilisha.