Taya la Upande Mmoja

Mwili wa binadamu haukupimwa kwa rula. Moyo umeegemea kushoto, ini limekaa kulia, na pafu la kushoto ni dogo kuliko mwenzake. Hata pale Makoroboi ukijaribu viatu, kimoja hubana na kingine hupwaya. Hakuna aliyerogwa.

Lakini mtoto wa miaka mitano akivimba taya upande mmoja, watu wazima tunaanza mabishano. Huyu anasema ni jino, ling'olewe. Yule anasema ni mkono wa mtu, apelekwe kwa mganga. Wiki mbili zinapita.

Wiki mbili hizo ndizo zinazoua. Uvimbe huo unaweza kuwa saratani ya Burkitt, ambayo seli zake huongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, aliuandikia mwaka 1958. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vikagunduliwa ndani ya seli zake. Virusi hivyo karibu sote tunavyo. Kinachowaponza watoto wa ukanda huu wa ziwa ni malaria inayowarudia tena na tena na kuvuruga kinga yao. Anayetafuta mchawi basi aanzie kwenye dimbwi la nyuma ya nyumba na kitanda kisicho na chandarua.

Msiniambie wazazi ndio wenye kosa. Mama aliyekwenda zahanati akapewa dawa ya jino hakuchelewa, alicheleweshwa. Je, aliyempokea aligusa meno ya jirani kuona kama yamelegea? Alilipapasa tumbo? Na anayetoka Ukerewe bado anahesabu nauli ya meli kabla ya kuhesabu siku za ugonjwa. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 halimfikii.

Ugonjwa huu una dawa. Tangu miaka ya 1960 inajulikana kwamba dawa za saratani huuyeyusha uvimbe huu, na watoto wengi wanaowahi na kumaliza matibabu hupona. Hospitali ya Bugando, inayotibu saratani, iko juu ya kilima. Nusu ya mji wa Mwanza inaiona.

Kwa hiyo kila zahanati ya kando ya ziwa ibandike ukutani amri moja: taya la mtoto likivimba na meno kulegea, rufaa itoke siku hiyohiyo, na nauli isiwe juu ya mama. Mabishano tutayamalizia njiani.