Sedani za Ulaya zashuka bei, gharama zahamia gereji

Mtumishi au mfanyabiashara wa kipato cha kati jijini Dar es Salaam, ambaye miaka 15 iliyopita asingethubutu kuulizia bei ya BMW, leo anaweza kuliona gari hilo katika orodha za wauzaji wa Japan kwa bei inayokaribia ile ya Toyota ya umri huohuo. Wakati mwingine huwa chini yake. Hali ni hiyohiyo kwa Mercedes-Benz C-Class na Audi A4, sedani ndogo za Kijerumani zilizojengwa kwa ajili ya mtu anayependa kuendesha kuliko kuendeshwa.

Bei hizo ni za kweli. Kisichoelezwa na mawakala wengi ni kwa nini gari lililouzwa ghali kuliko Toyota lilipokuwa jipya limeporomoka hadi kufikiwa nalo, au kupitwa.

Jibu linaanzia Japan kwenyewe. Gari dogo la binafsi nchini humo hufanyiwa ukaguzi wa lazima, maarufu kwa jina la shaken, miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya, na kila baada ya miaka miwili tangu hapo. Kodi ya mwaka ya gari la petroli nayo hupanda linapotimiza miaka 13. Mwenye gari la kigeni, ambalo vipuri vyake ni ghali hata kwake, hupiga hesabu kila ukaguzi unapokaribia. Akiona mafuta yanavuja, bushi zimekatika na pampu ya maji imechoka, hulipeleka mnadani. Matengenezo yaliyokuwa yakimsubiri yeye hupakiwa melini pamoja na gari, na anayeyapokea bandarini Dar es Salaam ni mnunuzi aliyedhani amepata bahati.

Kabla ya kufika gereji, mnunuzi huyo hukutana na Mamlaka ya Mapato. Kwa viwango vilivyozoeleka nchini, gari hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake pamoja na bima na nauli ya meli. Hufuata ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 5 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa iliyo kubwa zaidi. Kisha huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Gari lenye miaka minane au tisa huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lenye miaka 10 au zaidi asilimia 30.

Chukua mfano wa sedani ya lita mbili yenye miaka saba, ambayo thamani yake hadi bandarini ni Sh20 milioni. Kodi hizo zinafikia Sh10.98 milioni, na gari linasimama kwa takriban Sh31 milioni kabla ya tozo ya reli, ada za bandari, wakala na usajili. Sasa chukua ya kizazi kilichotangulia, yenye miaka 12 na thamani ya Sh10 milioni. Kodi zake ni Sh9.91 milioni, na jumla haifiki Sh20 milioni.

Mfano huo unaonyesha udhaifu wa ushuru wa uchakavu. Ulikusudiwa kupunguza magari makuukuu, lakini kwa kuwa ni asilimia ya thamani, na thamani ya gari kuukuu ni ndogo, bado linabaki nafuu kwa zaidi ya Sh11 milioni. Kinachofanyika ni kwamba mwenye fedha kidogo, badala ya kuzuiwa kununua gari chakavu, analipa serikalini karibu kiasi kilekile alicholipa kwa gari lenyewe, na hizo ndizo fedha ambazo zingebadilisha cheni, bushi na mpira wa kila bomba. Kenya imechukua njia nyingine ya kuyakataa kabisa magari yaliyozidi miaka minane. Huko mnunuzi wa sedani ya Ulaya analipa zaidi mwanzoni, lakini anachoagiza hakijafikia umri ambao sehemu za plastiki na mpira huanza kupasuka zote kwa pamoja.

Wapo wanaodhani watakwepa kwa kutangaza bei ya chini. Mamlaka ya Mapato ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, na risiti ya muuzaji si kinga. Ni busara kutazama kikokotoo cha mamlaka hiyo mtandaoni kabla ya kutuma fedha Japan, si baada ya meli kutia nanga.

Wengine hukimbilia gari lililokwisha kuingia nchini, wakivutiwa na herufi ya namba ya usajili. Katika yadi na kwa madalali, “namba E” husemwa kana kwamba ni cheti cha afya. Herufi hiyo inaeleza lini gari lilisajiliwa Tanzania tu. BMW iliyotengenezwa mwaka 2008 inaweza kuvaa namba E bila mtu yeyote kudanganya. Mwaka wa kutengenezwa umo katika kadi ya gari, na ndio unaopaswa kusomwa kwanza.

Baada ya umri, kinachoamua ni injini, na hapa ndipo wanunuzi wengi hujifunza kwa kuumia. Jina lililo nyuma ya gari halitoshi, kwa sababu gari moja kwa macho linaweza kubeba injini mbili zenye tabia tofauti kabisa.

BMW 320i ya umbo lililotoka mwaka 2005, linalojulikana kwa mafundi kama E90, kwa miaka yake ya mwanzo ilibeba injini ya N46. Ni injini isiyo na tabo, lakini hujulikana kwa kuvujisha oili na kwa kuchoka sili za supapa. Dalili yake huonekana vizuri katika jiji la foleni: gari likisimama muda mrefu kisha likaondoka, hutoa moshi wa bluu nyuma. Katika umbo lililofuata, F30, lililoanza mwishoni mwa mwaka 2011, 320i ilipewa injini ya tabo ya N20. Ina nguvu za farasi 184 na ni nyepesi kuendesha, lakini reli za plastiki zinazoongoza cheni ya taimingi zimekuwa zikivunjika katika baadhi ya magari. Cheni ikiachia, injini huwa imekwisha. F30 iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015 ilianza kupewa injini mpya ya B48, ambayo haikurithi sifa hiyo mbaya. Kwa mnunuzi wa kipato cha kati, tofauti ya bei kati ya gari la kabla na la baada ya marekebisho hayo huenda ndiyo fedha itakayotumika vizuri kuliko nyingine yoyote.

Mercedes-Benz C180 na C200 za umbo la W204, lililotoka mwaka 2007, nyingi zina injini ya M271, ambayo cheni yake hurefuka na gia zinazoikamata huliwa meno. Magari hayo yana ugonjwa mwingine usiohusiana na injini: kufuli la umeme la usukani likifa, ufunguo huingia lakini gari halikubali kuwaka, iwe nyumbani au katikati ya Kariakoo. Audi A4 ya mwaka 2008 hadi 2015 yenye injini ya lita mbili ya tabo, kizazi cha pili, inajulikana kwa kunywa oili, jambo lililofika hadi mahakamani nchini Marekani. Volkswagen zenye gia za DSG za klachi kavu, ambazo kampuni ililazimika kuziita kwa marekebisho nchini China mwaka 2013, haziupendi mwendo wa konokono wa barabara ya Mandela.

Yapo pia magari ya dizeli kutoka Uingereza, na haya yanahitaji tahadhari ya pekee. Kashfa ya moshi wa Volkswagen ya mwaka 2015, na baadaye tozo ya hewa chafu jijini London iliyoanza mwaka 2019 na kupanuliwa hadi pembezoni mwa jiji Agosti 2023, ziliyafanya magari ya dizeli yasiyofikia kiwango cha Euro 6 kuwa mzigo kwa wenyewe. BMW 320d ya wakati huo ni gari lenye nguvu na linalokunywa mafuta kidogo. Hata hivyo, zile zenye injini ya N47 cheni yake iko upande wa nyuma, kati ya injini na giaboksi, kiasi kwamba kuifikia tu ni kazi ya kushusha mitambo. Chujio la masizi nalo hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Afrika Mashariki ilipokea dizeli yenye salfa kidogo mwaka 2015, kwa hiyo mafuta si tatizo kubwa kama zamani. Tatizo ni kwamba gari linalotoka Mbezi hadi Posta na kurudi, siku tano kwa wiki, halipati joto hilo, na chujio huziba.

Magari ya Uingereza yana faida moja ambayo Watanzania wengi hawaitumii. Kwa namba ya usajili ya gari, mtu yeyote anaweza kutazama bure mtandaoni matokeo ya ukaguzi wake wa kila mwaka, pamoja na kilomita au maili zilizosomwa kila mara na ubovu uliotajwa. Kutu inayosababishwa na chumvi ya barabarani wakati wa baridi huandikwa humo pia. Kwa gari la Japan, karatasi ya mnada ndiyo ushahidi. Herufi R kwenye nafasi ya alama humaanisha gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Wakala anayekataa kuitoa karatasi hiyo, au anayetuma nakala iliyofifia sehemu ya kilomita, amekwisha kutoa jibu.

Barabara nazo zina hesabu yake. BMW nyingi za aina hii zilitoka kiwandani na matairi yanayoweza kutembea bila upepo, na kwa sababu hiyo hazina tairi la akiba. Tairi hilo likipata pancha huweza kwenda takriban kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, umbali unaotosha Ujerumani. Kati ya Morogoro na Iringa, ukubwa wake unaweza usipatikane mahali gari lilipoishia. Ukuta wake mgumu hupeleka kila shimo na kila tuta moja kwa moja kwenye shokapu na bushi. Wenye uzoefu hufunga rimu ndogo zaidi na matairi ya kawaida, kisha hununua tairi la akiba. Gari hupoteza kidogo umbo lake la kimichezo, na mgongo wa dereva hushukuru.

Na mwendo wenyewe? Uzito uliogawanywa karibu sawa mbele na nyuma, usukani mwepesi kuitika na nguvu zinazokwenda magurudumu ya nyuma ni raha isiyokanushika barabara ikiwa tupu. Lakini barabara kuu zimejaa vijiji vya kilomita 50 kwa saa na askari wenye tochi, na mjini foleni haibagui.

Swali la mafundi ni gumu kuliko la vipuri. Vipuri vipya au vilivyotumika hupatikana kwa kuagiza, na vingine hutoka Dubai na Sharjah. Fundi anayebadilisha kifaa baada ya kifaa kwa kubahatisha ndiye anayemaliza fedha. Katika magari haya hata betri mpya, kwenye BMW tangu E90, inapaswa kusajiliwa katika kompyuta ya gari ili ichajiwe ipasavyo. Giaboksi ya ZF ya gia nane katika F30 husemwa na wengi kwamba oili yake haibadilishwi maisha yote, ilhali ZF yenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Mtu asiye na fundi mwenye kompyuta sahihi na elimu ya kuisoma anapaswa kumtafuta huyo kabla ya kutafuta gari.

Kwa asiye na fundi wa namna hiyo, Toyota Mark X bado ipo. Ina magurudumu ya nyuma yanayosukuma na injini ya V6 ya lita 2.5, na mafundi wanaoifahamu wako kila kona. Hailingani na BMW katika kona kali, na ushuru wake wa bidhaa ni asilimia 10, lakini mwenye nayo huenda kazini Jumatatu.

Anayeamua kuendelea na Mjerumani kwa bajeti ya, tuseme, Sh38 milioni, afadhali anunue gari la Sh31 milioni na kuacha Sh7 milioni benki kwa miezi 12 ya mwanzo: oili zote, mikanda, pampu ya maji, bushi, matairi, na ukaguzi wa cheni. Aliyetumia zote kununua gari la Sh38 milioni atakopa pale taa ya injini itakapowaka.

Ukaguzi wa gari lililo nchini ufanyike asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Cheni iliyolegea hugonga kwa sekunde chache baada ya kuwashwa, kisha presha ya oili ikipanda hunyamaza. Mnunuzi akifika na kukuta boneti ni ya moto tayari, aombe kurudi kesho yake.