Mastaa, Acheni Kutafutia Kiki Kwenye Gofu! Wacheza Gofu Wanapendwa kwa Jasho, Siyo kwa Pozi

Kuna maigizo yanaendelea mjini siku hizi na wengi wanayapigia makofi. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, anatinga uwanja wa gofu na mpiga picha wake. Glavu nyeupe, kofia, fimbo kaishika kama anataka kuua nyoka. Zinapigwa picha nane, anaposti, anaandika kwamba gofu ni mchezo wa watu wenye hela ndefu. Mpira wenyewe hajaugusa! Wiki inayofuata dada mmoja wa mtandaoni, naye jina kapuni, anapanda kile kigari cha uwanjani, anazungushwa, anashuka, anasepa. Komenti zinamiminika: "Maisha ndiyo haya."

Kwenye picha zote hizo kuna mtu hayupo. Kedi. Yule kijana aliyebeba begi la fimbo, aliyemwonyesha staa jinsi ya kushika, amekatwa pembeni ili asiharibu picha. Na ukweli ni kwamba wakiwekwa wawili hao kwenye mashimo 18, kedi anamfunga staa mkono mmoja ukiwa mfukoni.

Halafu kijana wa duka la simu Mtaa wa Aggrey akisema anamkubali Tiger Woods, anachekwa. Eti wewe wa Kariakoo, gofu wapi na wapi? Mwenye pozi anaheshimiwa, shabiki wa kweli anaambiwa anajishaua. Hapana aisee.

Tiger hakupendwa kwa sababu ya nyumba wala boti. Mwaka 1997, akiwa na miaka 21, aliingia Augusta kwenye Masters na kushinda kwa tofauti ya mikwaju 12. Klabu hiyo mtu mweusi hakucheza Masters yake mpaka Lee Elder mwaka 1975, na mwanachama mweusi wa kwanza walimpokea 1990. Miaka saba tu baadaye dogo anakuja kuwachapa wote palepale kwao. Baadaye akaharibu, ndoa ikavunjika, mgongo ukapasuliwa mara kadhaa, watu wakamzika akiwa hai. Mwaka 2019, na miaka yake 43, akarudi Augusta na kuchukua tena. Hicho ndicho kinachomliza shabiki. Mtu aliyeanguka mbele ya dunia nzima akasimama.

Mchukue Seve Ballesteros, Mhispania. Huyu alikuwa kedi kijijini kwao Pedreña. Alijifunza akiwa na fimbo moja ya chuma, namba 3, anapiga mipira ufukweni kwenye mchanga, na usiku anajipenyeza uwanjani kwa wenyewe. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akashinda Kenya Open. Mwaka uliofuata akabeba The Open kule Uingereza, ana miaka 22. Kwa hiyo anayesema gofu haina habari na watu wa huku, ajue mmoja wa wakali wa dunia alipita hapa jirani kabla dunia haijamjua vizuri.

Na kuna Papwa Sewgolum wa Afrika Kusini, Mhindi wa Durban, naye alianzia ubebaji. Fimbo alikuwa anaishika kinyume, mkono wa juu chini na wa chini juu, na bado akawafunga Wazungu kwenye Natal Open mwaka 1963. Sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia ndani ya jengo la klabu, basi kombe lake akapewa nje, mvua inanyesha. Bingwa analowa, aliowafunga wako ndani wamekauka. Staa wa Dar akipiga picha ya gofu aikumbuke na hiyo.

Sasa njoo nyumbani. Neno Kariakoo lilitoka wapi? Limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Yaani mtaa mzima umepewa jina la wabeba mizigo! Kisha Mwingereza akagawa mji: Wazungu Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kuwatenganisha. Leo kutoka Mnazi Mmoja hadi viwanja vya Gymkhana ni mwendo wa miguu tu, lakini kichwani bado watu wanaona kuna ukuta. Ukuta huo mastaa wanauongezea matofali kila wanapoposti kwamba mchezo huu si wa kila mtu. Kama kuna mtaa wenye haki ya kumshangilia kedi aliyegeuka bingwa, ni Kariakoo.

Kuna sababu nyingine ya kuwapenda hawa watu, na hii mashabiki wa Msimbazi na Jangwani waisome taratibu. Dabi ikiisha, timu iliyofungwa inamlaumu nani? Refa. Kila mwaka refa. Kwenye gofu mchezaji anasaini kadi yake mwenyewe, na akikosea anatakiwa ajitaje. Mwaka 2010 Muingereza Brian Davis alifika hatua ya mwisho ya mashindano ya Heritage, South Carolina, yeye na Jim Furyk tu. Hakuwahi kushinda taji lolote la PGA Tour. Wakati anarudisha fimbo nyuma ikagusa kijani kimoja cha unyasi. Watu hawakuona. Yeye mwenyewe akamwita mwamuzi, akakubali adhabu ya mikwaju miwili, Furyk akachukua kombe. Tofauti ya zawadi ya kwanza na ya pili ilizidi dola 400,000. Na taji la PGA Tour hakulipata tena mpaka leo.

Dola laki nne kwa unyasi! Wangapi kati ya mastaa wetu wangejitaja? Kuna mmoja, jina kapuni, anadaiwa na fundi wake wa nguo na bado anaposti kuhusu nidhamu ya gofu.

Watasema gofu ni ghali. Ni kweli, fimbo ni ghali na uanachama ni ghali. Lakini tangu lini shabiki akadaiwa ada? Nusu ya mji inavaa jezi ya Arsenal na wanaoijua njia ya kwenda Emirates wanahesabika. Vijana wananunua fulana za kola za mtumba, zile fomu siksi, zina nembo za klabu za gofu za Marekani, wanazivaa vizuri tu. Kuvaa ruksa, kushabikia hairuhusiwi?

Aibu kubwa ni kwamba wakali wa hapa hapa hawajulikani. Muulize huyo msanii mwenye glavu Madina Iddi ni nani, ataguna. Dada wa Arusha ambaye kwa miaka ameipeperusha bendera kwenye michuano ya wanawake nje ya nchi, akiwa mchezaji wa ridhaa. Angel Eaton naye vilevile. Upande wa wanaocheza kwa kulipwa wapo Fadhil Nkya na Nuru Mollel. Hawa wakishinda habari inakaa aya tatu chini ya ukurasa. Staa akishika fimbo kichwa chini, ni habari ya siku mbili.

Kwa hiyo mastaa, kama mnaupenda mchezo, chezeni. Mkikosa mpira mara kumi, postini na hizo kumi. Kedi mwacheni kwenye picha na jina lake muandike. Kama hamuwezi, rudisheni glavu za watu.

Na wewe uliyezoea kulaiki kigari, siku ukipanda gari la Tegeta ukapita Lugalo, kumbuka pale ndani kuna watu wanapiga mpira mmoja mara mia kabla jua halijawaka.

Haya, taja hapo chini mchezaji wako wa gofu na sababu ya kumkubali. Ila sababu isiwe gari lake.