Sadaka ya Mamilioni, Posho ya Mwalimu

Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamuru mamilioni aliyoyatoa Rais William Ruto katika kanisa Katoliki la Soweto jijini yarejeshwe. Wafuasi wa serikali walinung'unika. Wa upinzani wakashangilia, kana kwamba vigogo wao hawajapata kuonekana madhabahuni na bahasha!

La kusikitisha zaidi ni yaliyowapata walimu mwaka huo huo. Wanagenzi 46,000 wa sekondari msingi walikuwa wakifundisha kwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Aprili, mahakama ya leba iliamua kuwa mpango huo ulikiuka haki zao, kwani walikuwa walimu waliosajiliwa. Juni, Mswada wa Fedha ulipoondolewa kwa shinikizo la vijana, bajeti ikapunguzwa na ajira yao ikatiwa mashakani. Ilibidi chama cha KUPPET kiitishe mgomo Agosti. Wanagenzi hao wakaajiriwa rasmi Januari 2025.

Mbona hazina iwe tupu kwa mshahara wa halali, ilhali mfuko wa Jumapili haukauki? Swali hilo wanasiasa wa mirengo yote hawapendi kuulizwa, hasa mbele ya waumini.