UMRI NI UMRI, DARASA NI DARASA

Kila msimu wa michezo ya shule ukifika, hutokea ugomvi ule ule. Timu moja ikifungwa, walimu wake huja juu kusema kwamba yule mshambuliaji wa upande wa pili si mtoto, ni mtu mzima mwenye ndevu. Wa upande wa pili nao hufungua daftari la shule na kujibu: huyu ni mwanafunzi wetu wa darasa la tano, na jina lake hili hapa. Mmoja anataja umri, mwenzake anataja darasa, na wote wawili hudhani wanasema jambo moja. Sisi tunasema kwamba ni mambo mawili, na kuyachanganya kunawaumiza watoto wetu na kulitia doa jina la nchi.

Yafaa kwanza tujue jambo hili lilianzia wapi. Serikali ya kikoloni ilijua sana kuhesabu vichwa vya kodi, lakini haikujali kuandika vizazi vya Waafrika. Mzungu na Mwasia walitakiwa na sheria kuandikisha watoto wao; Mwafrika aliachwa akumbuke kuzaliwa kwa mwanawe kwa mwaka wa nzige, mwaka wa njaa au mwaka wa vita. Shule nazo zilikuwa chache na za mbali. Watoto wengi hawakuingia darasani kwa kutimiza umri, bali siku baba alipopata ada au miguu ilipoweza mwendo. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922, aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Laiti ingalikuwako amri ya kumfukuza kila mwenye umri uliozidi darasa lake, taifa hili lingalipoteza nini?

Wala mambo hayo hayakwisha na ukoloni. Mpango wa MEMKWA, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya watoto waliokosa shule, ulipokea watoto wa miaka 11 hadi 18. Hao ni wanafunzi halali, na atakayewaita wadanganyifu kwa sababu ya urefu wao anawaadhibu kwa umaskini wa wazazi wao. Jirani zetu wa Kenya walifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, na mwaka 2004 Mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na miaka 84, akavaa sare na kuingia darasa la kwanza huko Eldoret. Nani angethubutu kusema kwamba mzee yule si mwanafunzi? Lakini pia, nani angemsimamisha katika mstari mmoja na watoto wa darasa la kwanza ili washindane mbio?

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Darasa liseme mtoto anachezea shule gani. Umri useme anacheza na nani.

Kijana wa miaka 16 aliye darasa la tano ana haki ya kuvaa jezi ya shule yake na kushangiliwa na wenzake. Hana haki ya kumparamia mtoto wa miaka 11 kwa kifua cha mtu mzima. Mguu wa mtoto ukivunjika, kombe halitauponya. Basi na apangwe na vijana wa rika lake, hata kama wao wako madarasa ya juu au shule ya jirani. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya kuja kwa shule: walipanga vijana kwa marika, na kijana mkubwa aliyewapiga mieleka watoto wadogo hakusifiwa, alichekwa.

Timu za taifa za vijana ni jambo jingine kabisa. Huko darasa halina neno. Hukumu ni siku ya kuzaliwa peke yake. Somo hilo tumelipata kwa aibu na kwa faida. Kwa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005 kule Gambia, Serengeti Boys walikuwa wamekwisha kufuzu, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Kwa fainali za mwaka 2017 kule Gabon, sheria hiyo hiyo ilitupandisha sisi: Kongo Brazzaville iliondolewa kwa kutomleta mchezaji wake mmoja apimwe, na nafasi yake tukapewa. Mwaka 2019 fainali zilichezwa hapa hapa Dar es Salaam, na Guinea, iliyofika mchezo wa mwisho, ikanyimwa safari ya Kombe la Dunia kwa sababu ya wachezaji wawili na tarehe zao za kuzaliwa. Mwenye kushangilia sheria inapomwangukia jirani, asilie inapomwangukia yeye.

Wako wanaodhani kwamba udanganyifu huu ni ugonjwa wa nchi maskini. Si kweli. Mwaka 2001 huko Marekani, katika mashindano makubwa ya besiboli ya watoto wasiozidi miaka 12, timu moja ya Bronx, New York, ilishika nafasi ya tatu kwa nguvu za mrusha mpira wake hodari. Baadaye ilifahamika kwamba mtoto huyo alikuwa na miaka 14 na cheti chake kilikuwa cha uongo. Timu ikanyang'anywa ushindi wake wote. Na huko huko Marekani, katika timu za watoto zinazosafiri kushindana, mahali ambapo darasa ndilo kipimo hupatikana wazazi wanaomkaririsha mwana wao darasa kwa makusudi ili awe mkubwa kuliko wenzake. Pima kwa umri peke yake, mjanja ataghushi cheti. Pima kwa darasa peke yake, mjanja atamchelewesha mtoto. Kwa hiyo twahitaji vipimo vyote viwili, kila kimoja mahali pake.

Lakini umri hauwezi kuwa kipimo kama haukuandikwa. Tangu mwaka 2009 FIFA imetumia picha ya MRI ya kifundo cha mkono kuwapima vijana wa kiume chini ya miaka 17. Mashine hiyo haiwezi kupelekwa kila kata, wala haiwafai wasichana, kwa kuwa mifupa yao hukomaa mapema. Mashine yetu sisi ni kalamu. Mpango wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanza Mbeya mwaka 2013, ulileta cheti cha kuzaliwa hadi zahanati na ofisi ya kata, bila malipo. Mzazi asiyekwenda kuchukua anamwachia mwanawe ugomvi wa kesho.

Basi kila tawi lina kazi. Wajumbe wa mashina wapite nyumba kwa nyumba wakawajue watoto wasio na vyeti, na wawasindikize wazazi wao. Mwalimu aandike katika daftari tarehe aliyopewa na mzazi, wala asiipunguze siku timu inapochaguliwa. Palipo na shaka, wazee wa kijiji waulizwe kabla ya mchezo, si baada ya kufungwa.

Tukumbuke vile vile ni nani anayeumia. Mtu mzima ndiye anayeghushi tarehe, lakini anayetajwa mbele ya watu kuwa mwongo ni kijana. Na nyuma yake yuko mwingine, mwenye umri wa kweli, aliyeachwa nyumbani ili nafasi yake ichukuliwe. Wote wawili ni watoto wetu. Taifa lililodai haki yake mbele ya dunia nzima haliwezi kuwafundisha watoto wake kwamba haki hupatikana kwa kufuta tarehe.